Maneno Makubwa kwenye Laini ya Kahama

Juzi mpwa wangu alikuja kuniomba nimsindikize ukweni. Ndani ya nusu saa alisema "to be honest" mara kumi na moja. Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya meza, vidole vikaniishia. Mke wangu akaninong'oneza, "Kama hapo ndipo anaposema kweli, sehemu nyingine zote alikuwa anafanya nini?"

Sikumkemea. Ningepata wapi uso? Vijana wangu, mimi niliugua ugonjwa huo kabla baba zenu hawajaoa, na wangu ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu niliupatia kazini, nikiwa nimefunga tai. Nyinyi mnasema "literally" na "moving forward" mkiwa na wenzenu, mnacheka, mnapita. Mimi nilikuwa nayatafuta maneno ya namna hiyo kama mtu atafutaye kuni. Nikilipata moja, naliandika, nalikariri, kisha namvizia mtu wa kumpiga nalo. Nisikilizeni basi, nikiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa opereta wa simu wa posta mjini Shinyanga. Nyinyi mliozaliwa simu ikiwa mfukoni hamwezi kuijua swichibodi. Ilikuwa ubao mkubwa kama kabati la vyombo, umejaa matundu, na kila tundu lilikuwa mtu: daktari, polisi, kiwanda cha kuchambua pamba, duka la vitenge. Mteja akizungusha mkono wa simu yake, kifuniko kidogo cha shaba kinaanguka kwenye ubao, tik. Unachomeka plagi, unauliza, "Namba?" Akikutajia, unachomeka plagi ya pili kwa anayetakiwa, unampigia kengele, halafu unakaa kando wao waongee. Plagi ishikwe shingoni, isivutwe kwa waya. Ukivuta waya, baada ya mwezi mmoja nusu ya mji inasikika kama watu waliomo ndani ya mtungi. Radi ikianza kunguruma upande wa Songwa, vua hedifoni kwanza, mengine baadaye. Kuna mwenzetu aliyesema atamalizia simu moja tu. Hakufa, lakini kwa wiki nzima alikuwa akijibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza.

Opereta mpya aliwekwa kwenye majaribio mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, mkaguzi anakuja kutoka ofisi ya kanda, anakuhoji, anapekua tiketi zako, zile karatasi tunazoandikia saa na malipo ya kila simu. Akiridhika unathibitishwa kazini. Asiporidhika unarudi kwenu. Sasa, mimi kwetu pa kurudi palikuwa pamekwisha. Baba alikuwa ameshawagawia wadogo zangu zamu yangu ya kuchunga, na kitandani kwangu amelala mwanambuzi aliyevunjika mguu. Nilipokwenda kusalimia, mama aliniambia, "Ukae tu kwa leo, lakini usimbughudhi." Mnaona hali yangu ilivyokuwa. Kuthibitishwa lilikuwa jambo pekee nililolitaka duniani, na niliogopa kila kitu kilichoweza kulizuia.

Kilichoniogopesha zaidi ni Kiingereza. Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Kilichobaki nilijifundisha mwenyewe, kutoka kwenye vibandiko vya mapipa ya dawa ya josho, kitabu cha maelekezo ya baiskeli, na kamusi niliyoinunua kwa mtu aliyeitumia kufungia tumbaku. Nilikuwa na hakika kwamba siku moja mtu angenyanyua simu na kusema, "Wewe, hiki si Kiingereza cha shule." Kwa hiyo nilijizungushia maneno makubwa kama mtu anayezungushia boma miiba. Nilifanya mazoezi ya kusema "Number, please" nikiongelea ndani ya kikombe cha bati ili nijisikie ninavyosikika. Tiketi nikizikosea herufi moja nilizichana na kuziandika upya. Plagi nilizisugua mpaka rangi ikatoka.

Mkuu wetu aliitwa Mama Kabula. Alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, aliyefuma vitambaa vya makochi huku ameunganisha simu nne kwa pamoja, na hakuwahi kukosea plagi wala tundu la uzi. Siku ya kwanza alinipa kanuni moja tu.

"Shija, sikio lako ni la posta. Mdomo ni wako. Kwa hiyo mdomo uuache nyumbani."

"Noted with thanks, mama," nikamjibu.

Aliinua macho kutoka kwenye kitambaa, akaniangalia muda mrefu, akarudi kufuma.

Mtu wa kwanza kunitibu, ingawa dawa haikukolea, alikuwa Mzee Karsan. Alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli pale mtaa wa sokoni, na kila asubuhi alitaka Mwanza. Asubuhi moja laini za Mwanza zote zilikuwa zimekamatwa. Nikaona hii ndiyo nafasi.

"Kindly be informed, sir," nikaanza, "that at this point in time the line in question is temporarily engaged, and in that regard..."

"Kijana," akanikata, "Mwanza iko, au hapana iko?"

"In that regard, sir, every effort..."

"Iko, hapana iko?"

"Haipo, mzee."

"Haya! Sema hivyo. Mimi iko na mteja hapa, nashika mnyororo mkononi, wewe nasomea mimi Biblia."

Mama Kabula alicheka hadi sindano ikamdondoka. Mimi niliona aibu kiasi cha kuandika maneno ya Mzee Karsan kwenye daftari langu. Ila sikuyaandika ili niyafuate. Niliyaandika chini ya kichwa cha habari "Wateja wasiojua Kiingereza". Mnaona upumbavu ulivyo na mpangilio mzuri.

Na hata nyumbani sikuwaonea huruma. Mama akinipakulia ugali mara ya pili nilimwambia, "Actually, mama, as a matter of fact nimeshiba." Akamgeukia baba akamuuliza huyu mtoto anaumwa wapi. Baba akamjibu bila kuacha kutafuna, "Ndiyo mambo ya kula vya watu. Lazima acheue."

Sasa niwaeleze jambo la salamu, maana bila hilo hamtaelewa kosa langu kubwa.

Simu ya mji kwa mji ililipiwa kwa dakika tatu tatu. Dakika tatu zikiisha, opereta anaingia kwenye laini na kusema sentensi moja aliyoruhusiwa: "Dakika tatu. Unaendelea?" Kitabu cha kanuni kilisema kabla ya kuanza kuhesabu, opereta ahakikishe pande zote mbili zinasikilizana vizuri. Basi. Lakini nyinyi ni watoto wa huku, mnajua. Mzee wa Kisukuma hawezi kuanza na shida yake kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Ataanza na "Mwangaluka", ataitikiwa. Atauliza habari ya kulala, ya watoto, ya mama yao, ya ng'ombe, ya mvua, ya jirani aliyeanguka kwenye mwembe mwaka juzi. Kila swali linajibiwa "mhola", shwari, hata kama si shwari hata kidogo. Baada ya hapo ndipo neno linatoka.

Mama Kabula alikuwa na njia yake. Salamu zote alizihesabu kuwa ni kupima laini. Alikaa na kalamu juu ya tiketi, anasikiliza. Nikimwambia, "Mama, saa!" ananijibu, "Bado hawajasikilizana. Wameulizana watoto tu, ng'ombe bado." Ng'ombe wakishaulizwa, anaandika saa ya kuanza.

Mimi niliona hilo ni uvunjaji wa kanuni wa kutisha. Kwa hiyo siku ya kwanza kuachwa peke yangu kwenye ubao, nilianza kuhesabu kwenye "haloo". Mzee mmoja alikuwa amekuja kutoka Kishapu kumpigia mwanawe Tabora. Walisalimiana vizuri sana. Mshale wa saa ulipofika dakika ya tatu, nikaingia kwa sauti niliyoifanyia mazoezi kwenye kikombe.

"Dakika tatu. Unaendelea?"

"Naendelea na nini?" mzee akauliza. "Sijaanza."

Hakuwa na hela ya kulipia dakika nyingine. Akarudi kwao. Baadaye nilisikia kwamba alitaka kumwambia mwanawe kuwa harusi ya mdogo wake imeletwa mapema kwa siku moja. Kijana wa Tabora akaja siku ya zamani aliyoijua, na kitanda, godoro na wapiga ngoma sita, akakuta watu wanaosha masufuria.

Hapo nilikuwa mkali. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye sikuwahi kumkata.

Alikuwa ofisa katika ofisi fulani ya kusafirisha mazao. Jina lake na la ofisi yake nitayakalia. Sisi kwenye ubao tulimwita Bwana Modalities, kwa sababu ndilo neno alilolipenda kuliko chakula. Chochote ulichomwomba, alikuwa "anaangalia modalities". Nililitafuta kwenye kamusi, nikasoma maelezo yake mara nne, nikafunga kamusi nikiwa najua kidogo kuliko nilipoifungua. Nililipenda palepale. Mtu huyu aliweza kuongea dakika tatu nzima pasipo jambo hata moja kuponyoka. "At this juncture", anasema, "in the final analysis", "so to speak", "by and large", mpaka mtu wa upande wa pili anaanza kumshukuru. Mimi nilimsikiliza mdomo wazi. Nakiri: mara nyingine nilimwongezea nusu dakika kwa ajili ya uzuri wa Kiingereza chake. Mzee wa Kishapu nilimnyima salamu ya ng'ombe, na huyu nilimpa nusu dakika ya hewa.

Lakini sikio la opereta ni kitu cha ajabu. Ukimsikiliza mtu kila siku, hata usipotaka, unaanza kumjua anapovuta pumzi. Taratibu daftari langu likaanza kubadilika lenyewe. Upande wa kulia, palipokuwa na maana za kamusi, nikawa naandika yaliyotokea kweli baada ya neno kusemwa. "In due course": si mwaka huu. "Frankly speaking": anakaribia kudanganya. "With due respect": tega sikio, anatukana sasa. "As I said earlier": hakusema. "Basically": hajui. Kwenye "receiving active attention" niliandika, baada ya miezi saba ya uchunguzi, "faili limepotea". Niliandika hayo kwa mwandiko mzuri, nikiyapigia mstari kwa rula, na bado sikuacha kuyatumia. Mlevi naye anajua bei ya pombe.

Ikaja wiki ya majaribio yangu kuisha. Mkaguzi alitarajiwa Ijumaa. Jumatatu, asubuhi, Kahama ikaita.

Alikuwa Ndugu Masanja, katibu wa chama cha msingi cha kijiji kimoja upande wa Ushirombo. Nilimjua kwa sauti. Alikuwa ameshampigia Bwana Modalities mara mbili wiki iliyopita, na kila mara alitoka kijijini kwa baiskeli mpaka posta ya Kahama, siku nzima. Msimu wa kununua pamba ulikuwa umepita, lakini pamba ya kijiji chake ilikuwa bado imerundikwa nje ya ghala, ghala lenyewe likiwa limejaa hadi kwenye mabati. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Alitaka kujua jambo moja: lori linakuja? Kama linakuja, wanakijiji wasubiri. Kama haliji, wafunge mikokoteni ya ng'ombe waihamishie pamba kanisani na shuleni, kazi ya siku mbili, watu wote na ng'ombe wote. Haikuwezekana kufanya yote mawili.

Sasa sikieni balaa. Robo saa kabla ya Kahama kuita, nilikuwa nimemuunganisha Bwana Modalities na gereji. Nilibaki kwenye laini kidogo kuhakikisha wanasikilizana, kama kanuni ilivyotaka. Na nikasikia fundi akisema, kwa Kiswahili kilichonyooka kama mti wa nguzo, "Mzee, malori yote matatu yako juu ya mawe. Matairi hakuna. Mwezi huu usiahidi mtu." Bwana Modalities akamjibu, "Nimekuelewa." Neno moja tu! Sikujua kama alikuwa na maneno mafupi namna hiyo.

Nikamuunganisha Masanja na Bwana Modalities. Nilianza kuhesabu kwenye "haloo", maana Bwana Modalities hakuwa na desturi ya kusalimia.

"Shikamoo mzee. Mimi ni Masanja, nauliza habari ya lori."

"Ndugu Katibu! At this juncture, suala lako is receiving active attention."

"Ndiyo mzee."

"By and large, tumeshafanya feasibility. Sasa tunaangalia modalities. In the final analysis, lazima tuzingatie logistics, so to speak."

"Ndiyo mzee. Kwa hiyo..."

"In due course, Katibu. In due course! Frankly speaking, hamna haja ya wasiwasi."

Daftari langu lote lilipita masikioni mwangu kwa dakika tatu. Na Masanja, masikini, alikuwa anafurahi. Nilimsikia akitabasamu; sauti inabadilika mtu akitabasamu, na hilo mlijue. Alidhani Kiingereza kingi namna ile hakiwezi kutolewa bure, lazima mwishoni kuna lori.

"Asante sana mzee. Basi nitawaambia watu wasubiri."

"Very good," akasema Bwana Modalities, akakata.

Masanja alikuwa bado kwenye laini. Mkono wangu ulikuwa kwenye plagi. Mama Kabula alikuwa upande wa pili wa ubao, akifuma ua la manjano.

Vijana wangu, nilitokwa jasho hadi hedifoni ikateleza. Kufichua ulichosikia kwenye laini kulikuwa kufukuzwa kazi palepale, tulikuwa tumekula kiapo. Ijumaa mkaguzi. Kitanda changu kina mwanambuzi. Na kule kijijini watu wanaangalia mawingu wakimsubiri mtu mwenye baiskeli awaambie wafanye nini. Nilijaribu kujipa moyo kwa kutafuta sentensi kubwa ya Kiingereza. Kwa mara ya kwanza mwaka ule haikuja hata moja. Kilichokuja mdomoni kilikuwa cha mama yangu.

"Mwangaluka, baba," nikasema.

"Mwangaluka," akaitikia Masanja. Hakuna mtu wa kwetu anayeweza kuacha kuitikia. "Nani mwenzangu?"

"Opereta, baba. Napima laini. Habari za huko?"

"Mhola."

"Watoto?"

"Mhola duhu."

"Ng'ombe?"

"Mhola."

"Ng'ombe wa kukokota?"

"Nao mhola."

"Na mikokoteni?"

Akasita. "Mikokoteni... mhola."

"Magurudumu yake?"

"Yapo."

"Mvua?"

"Bado, lakini mawingu mazito."

"Na mikokoteni haijambo?"

"Kijana, umeshaiuliza mikokoteni."

"Laini inakwaruza, baba, napima tena. Kanisani kwenu kupana?"

"Kupana."

"Kukavu?"

"Kukavu."

"Mikokoteni kutoka ghalani mpaka kanisani inafika?"

Pale niliisikia laini ikiimba, ule mvumo wa waya wakati wa upepo. Mama Kabula alikuwa ameacha kufuma.

"Inafika," akasema Masanja polepole. "Hata leo inafika." Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, "Na huko kwenu, mwanangu? Malori hayajambo?"

Salamu ikiulizwa lazima iitikiwe, na sote tulijua jibu la salamu ni lipi. Sikulitoa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliulizwa hali nikanyamaza, sikusema mhola.

"Aaa," akasema Masanja. "Basi laini imepimika. Ubaki salama, mwanangu." Nikasikia simu ikiwekwa, na kabla haijakaa sawasawa nikasikia mtu akikimbilia baiskeli.

Nikachomoa plagi. Mama Kabula akachukua sindano yake, akaendelea na lile ua la manjano kama mtu asiye na masikio.

"Umewasahau kuku," akasema.

Mvua ilishuka Jumatano usiku. Ilikuwa ya kwanza, yenye mawe, ilivunja nguzo mbili upande wa Kahama. Alhamisi laini ilipotengenezwa tulisikia kutoka posta ya kule kwamba kijiji kile walikokota siku mbili bila kulala, kwamba pamba yote ilikuwa ndani, na kwamba padri alikuwa anasomea misa juani kwa sababu kanisa lilijaa hadi altareni. Nilishukuru Mungu, nikaanza kujiandaa kwa Ijumaa. Nilinyoosha shati mara tatu.

Lakini Masanja alikuwa mtu mwenye shukrani. Hilo ndilo lililoniponza. Watu wenye shukrani, vijana, waogopeni kuliko wenye kinyongo. Aliandika barua kwa wakuu wa posta, akaipeleka mwenyewe Kahama, na ikafika asubuhi ileile ya Ijumaa, ikafunguliwa na mkaguzi mwenyewe kwa sababu ilikuwa na mihuri mitatu ya chama. Ilimsifu sana "kijana opereta wa Shinyanga, ambaye kwa kupima laini kwa uangalifu na kuulizia mikokoteni mara tatu, ameokoa pamba ya kijiji kizima iliyokuwa ikisubiri lori."

Mkaguzi alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye miwani inayoshuka. Aliisoma kwa sauti, akaiweka mezani, akatuangalia mimi na Mama Kabula.

"Mikokoteni," akasema. "Nani anapima simu kwa mikokoteni?"

"Mkaguzi, huku kwetu salamu ina mambo mengi," akasema Mama Kabula. "Ina watoto, ina ng'ombe, ina mvua."

"Mara tatu?"

"Laini ilikuwa inakwaruza."

Akanigeukia mimi. Akavua miwani. "Kijana, nakuuliza mara moja. Ulipomuuliza huyu bwana mikokoteni yake, ulikuwa umeshajua kwamba hakuna lori?"

Nilisimama pale na shati langu lililonyooshwa mara tatu. Nikisema ndiyo, nimekiri kuvunja kiapo. Nikisema hapana, nimemdanganya mkaguzi, na mimi uongo wa Kiswahili siuwezi, masikio yananisaliti, yanachezacheza. Nikafungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

"At this juncture, sir," nikasikia sauti yangu, "by and large, and without prejudice to the regulations, I am not in a position to be in a position."

Mama Kabula alishika meza.

Mkaguzi aliniangalia kwa muda ambao kwa simu ungekuwa dakika tatu kamili. Kisha akavaa miwani, akachukua kalamu na kuandika maneno yangu yote kwenye fomu, akiniomba nirudie sehemu ya mwisho. Nikarudia. Alionekana ameridhika, au labda amechoka. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya maneno yale. Mwaka mzima nilidhani ni nguo za wasomi. Kumbe ni blanketi, mtu anajifunikia akiwa na baridi ya kuulizwa swali. Bwana Modalities naye alikuwa na baridi yake, malori matatu juu ya mawe. Tangu siku ile sikuweza kumchukia, ila nusu dakika ya nyongeza hakuiona. Na salamu za wazee nikawa nazisubiri mpaka zifike kwa kuku.

Majibu ya mkaguzi yalikuja baada ya wiki tano, barua ya chapa, karatasi nzito. Nilijifungia chumba cha betri kuisoma. Ilisema kwamba suala la kuthibitishwa kwangu, "having been duly considered in the light of the foregoing", limewekwa "in abeyance", "pending the issuance of further guidelines thereto".

Niliisoma mara sita. Nilikwenda nayo kwenye kamusi neno kwa neno, na kila neno nililielewa, na barua sikuielewa. Nimefukuzwa? Nimepita? Nikampelekea Mama Kabula. Aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo, akanirudishia.

"Mama, wanasemaje?"

"Mimi najuaje? Wewe ndiye mwenye Kiingereza." Kifuniko cha Kahama kikaanguka kwenye ubao. "Jibu hiyo kwanza."

Nikajibu. Nikajibu na ya kesho yake, na ya mwaka uliofuata. Hakuna aliyekuja kuniambia niondoke, na mimi si mjinga wa kwenda kuuliza. Mama Kabula alistaafu, nikakaa kwenye kiti chake. Ubao ukaondolewa, zikaja mashine zinazojiunganisha zenyewe, wakanihamishia dirisha la stempu, na hata pale kila mkaguzi mpya akiingia nilijificha nyuma ya mizani ya vifurushi. Nilifanya kazi miaka ishirini na minane mpaka siku niliyokabidhi funguo. Ile miongozo zaidi waliyoisema haijafika.

Kwa hiyo mkiona katika haya niliyoandika kuna mahali nimekosea, msinishitaki kwa ukali. Bado nipo kwenye majaribio.